Siku nane na kitanda cha Jimny: Dar, Kitulo mpaka Matema

Kabla ya safari, Jumamosi, Keko, Dar

Naanzia huku kwa fundi maana ndo chimbuko la yote yaliyonikuta huko mbele. Gari ni Suzuki Jimny ya 1300, ile fupi, na kila mtu akiiona anauliza swali moja, "sasa we na miguu hiyo unalalaje humo?" Nimepima kwa tepu mara tatu: ukitoa viti vya nyuma vyote na kiti cha abiria cha mbele, kutoka mlango wa nyuma mpaka dashibodi unapata kama mita moja na sentimita themanini hivi, mi nina 174. Upana sitini na kitu kabla hujagusa kiti cha dereva. Jeneza kabisa, ila linatosha.

Najua kuna watakaosema mbona Jimny viti vinalala vyenyewe, na ni kweli, ukitoa hedresti ukasogeza kiti cha mbele mpaka mwisho ukakilaza kinakutana na cha nyuma. Nimelala hivo usiku mmoja uani kwangu kwa majaribio, asubuhi mgongo una ramani, hapa bonde pale kilima, na ile nafasi ya katikati ya viti inakumeza kiuno. Kwahiyo nikafungua bolti nne kiti cha mbele kikatoka, sasa hivi kiko sebuleni watoto wanakigombania kuangalia katuni.

Basi nikaenda Keko na vipimo vyangu na picha kwenye simu. Fundi kaangalia gari, kaangalia picha, kakuna kichwa na penseli.

"Bosi, hapa nikupigie chaga, vibao vyembamba vyenye nafasi katikati."

"Hapana fundi, plaiwudi. Si unaona kwenye picha?"

"Naona. Ila kitanda ni chaga bosi. Hata cha bibi yako kilikuwa cha kamba, hakikuwa ubao mzima."

Nikacheka, nikamwambia hiki sio kitanda fundi, hii ni gari. Hakubisha, akachukua hela yake. Nakumbuka tu alivyosema "haya" ile ya kuvuta, haaaaya.

Tulichobishana kweli ni unene. Yeye alitaka 18, mi nikagoma, shiti nzima ya futi nne kwa nane ya milimita 18 inakaribia kilo thelathini na gari yenyewe ni nyepesi, inadunda kwenye matuta kama mpira, sasa uipandishie mzigo wa nini. Tukakubaliana 12 na chini yake fremu ya mbao za inchi mbili kwa moja. Nyuma ni boksi la urefu wa sentimita 28 kwenda juu, ili livuke zile nundu za matairi, ndani yake yanaingia makontena mawili ya plastiki, la vyombo na la nguo. Mbele ni ubao mwingine umeungwa kwa bawaba, mchana unaukunja unalala juu ya boksi, usiku unaufungua mpaka kwenye dashibodi na una miguu miwili inasimama pale abiria anapoweka miguu yake. Godoro gumu la inchi tatu, nimelikata vipande vitatu. Ukishapanda juu huwezi kukaa wima, unakaa umeinama kama mtu aliye kwenye rukuu.

Siku ya kwanza, Dar mpaka Mikumi

Nimetoka saa kumi na moja alfajiri, Chalinze, Morogoro nikanywa chai, nikaendelea. Boksi linapiga kelele. Kila tuta kiii, kiii, nikasimama kabla ya kuingia hifadhini nikagundua ubao unasuguana na bodi ya gari pale nundu ya tairi, nikachana tisheti ya zamani nikaingiza kati. Kimya. Kama unatengeneza cha kwako mwambie fundi aache nafasi ya kidole kila upande na aweke kapeti pembeni, usisubiri uchane tisheti.

Barabara inakatiza hifadhi ya Mikumi kilomita kama hamsini, tembo walikuwepo, twiga, nyani kama kawaida yao wanakusubiri na mikono. Vibao vya faini za kugonga mnyama viko pale pale, unavisoma mwenyewe unapunguza mwendo.

Nimelala Mikumi mjini, sio porini. Nimeingia gesti moja nikamuomba msimamizi nilale kwenye gari ndani ya uzio wake, nilipie choo na bafu tu, akaniona kichaa ila akakubali kwa bei ya nusu chumba. Hiyo ndo njia yangu safari nzima, gesti, misheni, kambi rasmi. Kulala tu kando ya barabara kuu mi siwezi, malori yanapita usiku kucha na hujui nani anakuchungulia.

Usiku wa kwanza ndo unajifunza kila kitu. Kwanza joto. Jimny vioo vya nyuma havifunguki, vimegandishwa pale, kwahiyo hewa ni ya milango miwili ya mbele tu. Nilishajua hilo nikamshonesha fundi cherehani neti kama soksi, unauvisha mlango mzima kwa juu halafu unaufunga, kioo unashusha unavyotaka na mbu hapiti. Hii soksi ya mlango ndo kitu bora kuliko vyote nilivyotengeneza na ndo kilichonigharimu hela kidogo kuliko vyote. Vioo vingine nimevikatia yale mafoili ya fedha ya kuzuia jua, ndani huonekani.

Pili, mteremko. Nilipaki bila kuangalia, nikaweka kichwa upande wa mlango wa nyuma, kumbe gari imeinamia nyuma kidogo, kidogo tu, macho hayaoni, ila saa saba usiku nimeamka kichwa kimejaa damu kinagonga. Kugeuka humo ndani ni shughuli ya dakika tano, unapitisha miguu juu ya usukani, nimepiga honi kwa goti. Mbwa wa gesti wakaamka, mlinzi akaja na tochi, "vipi mzee, salama?" Salama kaka, najigeuza tu.

Siku ya pili, Mikumi mpaka Mafinga

Chupa ya maji ya nusu lita, imejaa robo, unailaza kwenye ubao, unaangalia maji yamelalia wapi. Ndo pima maji yangu kuanzia leo.

Njia ya leo naipenda. Mibuyu ile ya bondeni, mingi mpaka inachosha, halafu Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa barabarani kwenye nyavu nyekundu, halafu Kitonga. Kitonga huna haraka, lori liko mbele yako linapanda kwa mwendo wa kobe na lingine linashuka breki zinanuka, unatulia gia ya pili unasikiliza redio. Ilula nikanunua nyanya. Iringa nikala, nikasogea Mafinga kabla giza halijaingia.

Mafinga baridi kiasi, misonobari pande zote na mbao zimepangwa kama ghorofa. Nimelala uani kwa mtu ninayemfahamu, kichwa juu miguu chini, nimelala kama mtoto. Asubuhi nimekuta vioo vina ukungu kwa ndani. Sikuujali.

Siku ya tatu, Mafinga, Chimala, Matamba

Makambako pale inapokata kwenda Njombe na Songea nikajaza mafuta. Tenki la Jimny ni lita arobaini tu, ukipanda milimani na gia ya chini inakunywa, mi sipitishi nusu bila kujaza.

Chimala unaacha lami unakata kushoto unauangalia mlima mbele yako unajiuliza barabara iko wapi. Iko usoni pa mlima. Wenyewe wanaiita Hamsini na Saba, kona hamsini na saba zenye kukunja mpaka unaona matairi yako ya nyuma, na mi nimezihesabu nikapotea kwenye thelathini na kitu maana mvua ilianza. Ni Februari, mvua za huku sio za utani. Udongo ukageuka sabuni, nikashusha ile gia ndogo ya foo wili, ikapanda polepole, na hapa ndo unaona raha ya kigari kifupi, kona ambayo lori la viazi linarudi nyuma mara mbili mi nazunguka mara moja.

Ila kitanda! Kona ya arobaini hivi ule ubao wa mbele ukafunguka wenyewe, ukanijia ubavuni. Bawaba haina loki. Nimeufunga na kamba ya katani, mpaka mwisho wa safari ulikuwa wa kamba.

Matamba nimefika jioni, nimeloa. Kuna bibi anauza chai na viazi vya kuchemsha karibu na nilipopaki, nikamsalimia shikamoo, "marahaba mjukuu, unalala wapi?" Nikamuonesha gari. Akaizunguka yote, akachungulia, akasema "sasa ukifa humo tunakutoaje?" Bibi swali zuri, maana mlango wangu wa nyuma haufunguki kwa ndani, njia ya kutokea ni mlango wa dereva tu, na kiti cha dereva nimekijaza begi. Nikaenda kulitoa begi.

Usiku mvua imepiga mpaka asubuhi. Nimefunga vioo vyote kwa sababu ya baridi, nikajisifu kabisa ndani kuna joto. Saa kumi nikaamshwa na tone. Tap, kwenye paji la uso. Nikadhani gari inavuja, nikawasha tochi, kumbe dari lote la mbele linajasho, vioo vinatiririka, ile mikeka ya fedha imegandia kwenye vioo kama karatasi iliyoloa. Ni pumzi yangu mwenyewe. Mtu aliyelala anatoa kama glasi nzima ya maji kwa usiku kwa kupumua na kutoka jasho, nyumbani inapotelea kwenye chumba, kwenye kigari kama hiki inatafuta bati la baridi inakaa pale, halafu inakurudia.

Siku ya nne, Kitulo

Nimekausha vioo kwa kanga (ndio, mwanaume anasafiri na kanga mbili, hakuna taulo linalokauka haraka vile) nikaingia hifadhini.

Kitulo sina maneno yake. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, imefanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na watu wanaitaja kwa maua tu, na kweli maua yapo, mekundu, ya njano, okidi za aina nyingi zimejificha kwenye majani ukishuka ukainama. Ila mi kilichonishika ni ule uwazi. Zaidi ya mita 2,600 juu, hakuna mti, nyasi tu zinalala na upepo na wingu linakuja linakupitia mwilini. Nimezima gari nikakaa juu ya boneti saa nzima. Okidi za huku mizizi yake iliwahi kuchimbwa sana, inaitwa chikanda, inapelekwa Zambia inatengenezwa chakula, na hiyo ni sababu mojawapo watu walipigania eneo lilindwe.

Jioni nimepaki kwenye kambi ya hifadhi, nikainua godoro nipange vitu. Chini limeloa. Sio unyevu, limeloa, ukikandamiza na kidole linatoa maji, na ubao wa plaiwudi umebadilika rangi, pembeni umeanza kupasuka tabaka kama mkate wa maji. Siku tatu jasho langu lilikuwa linashuka kupitia godoro, linakutana na ubao baridi, halina pa kwenda. Ndo nikasikia ile haaaaya ya Keko.

Yani nilisimama pale kwenye baridi na godoro mkononi najicheka. Chaga. Zile nafasi kati ya chaga na chaga mi siku zote nilijua ni ubahili wa mbao.

Nilichoweza kufanya usiku ule: nikageuza godoro, nikatandaza magazeti, juu yake nguo zote za ziada, nikavaa soksi mbili na kofia, nikaacha vioo vyote viwili wazi vidole viwili. Gari yangu ina zile plastiki za juu ya vioo za kuzuia mvua, kwahiyo maji hayaingii, baridi ndo inaingia. Mlinzi mmoja kijana mstaarabu sana akaniletea jiko la mkaa, "kaka weka ndani kidogo upate joto halafu utalitoa." Nikamshukuru nikalikalia nje. Ndani ya gari mkaa hauingii hata kidogo, hata dakika tano, ile hewa yake haina harufu na haikuamshi, watu wamelala na jiko chumbani hawakuamka na chumba ni kikubwa mara kumi ya hii Jimny. Injini vilevile, siiwashi nikiwa nimelala. Nikachemsha maji kwenye jiko lake nikajaza chupa ngumu, nikaifunga na soksi nikalala nayo miguuni. Ilikuwa ya moto mpaka alfajiri.

Na vioo asubuhi vilikuwa vikavu. Karibu vyote. Baridi imenipiga ila dari halikudondosha tone.

Siku ya tano, kushuka Matema

Kitulo kushuka Isyonje, ukaingia lami ya Mbeya na Tukuyu, halafu unateremka kwa Wanyakyusa migomba na chai mpaka macho yanachoka kijani, unaelekea Kyela, unakata kwenda Ipinda, Matema. Asubuhi nimevaa kofia na soksi mbili, saa tisa nina singlendi. Matema iko chini ya mita 500, yani kwa siku moja umeshuka zaidi ya kilomita mbili kwenda chini. Ile chupa yangu ya kupimia mteremko niliifunga kule juu, nimeitoa Matema imebonyea imekunjamana kama mzee.

Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani, maji ya Nyasa masafi, na mi nafika na gari inanuka kama soksi.

Siku ya sita, Matema, siku ya kuanika

Leo sikuendesha. Nimetoa kila kitu, godoro, ubao, makontena, magazeti, nikavianika mchangani kama familia iliyohamishwa na mafuriko. Watoto wakaja kukaa kwenye ubao. Mama mmoja jirani na kambi akaniuliza biashara gani naleta, nikamueleza kisa chote cha chaga, akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, si uweke jamvi tu." Akaniuzia la matete, gumu, lile ukilikunja linalia. Nikalikata saizi ya ubao likakaa chini ya godoro, hewa inapita kati ya matete. Ndaga fijo mama, yani asante sana kwa Kinyakyusa.

Mchana nimetembea mpaka Lyulilo kuangalia vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa huku ziwani, vinaletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, nimenunua kimoja ambacho sikuwa na pa kukiweka. Kimelala na mimi siku zote zilizobaki, upande wa dirisha.

Usiku joto, soksi za milango zimefanya kazi yake, vioo vimeshuka mpaka chini, mawimbi yanasikika. Usiku bora kuliko wote. Jamvi linalia nikijigeuza, lakini mbona hata vitanda vya ndani vinalia.

Siku ya saba, Matema mpaka Mafinga

Siku ndefu, Tukuyu, Mbeya, Chimala nikautazama ule mlima kwa chini nikaupungia. Nimefika Mafinga jioni kwa yule yule mwenyeji wangu, nikamwambia nataka chaga na nimezungukwa na mbao. Kesho yake alfajiri tukaenda kwa fundi wa jirani yake, akatoa ule ubao wote wa nyuma akaniachia fremu, akapasua chaga tisa, kila moja upana wa vidole vinne, akaacha nafasi ya vidole viwili. Kamaliza kabla chai haijapoa. Nilimuuliza unaonaje kazi ya mwenzako wa Dar, akapitisha mkono kwenye fremu akasema fremu nzuri, huyu fundi alijua utarudi kwenye chaga, ona ameacha alama za penseli.

Nikainama kuangalia. Tisa.

Siku ya nane, Mafinga mpaka Dar

Nimeunganisha moja kwa moja, Kitonga kushuka, vitunguu gunia dogo kwa ajili ya nyumbani, chungu salama. Nimefika usiku saa tatu. Nikataka kurudisha kiti cha abiria kwenye gari, watoto wamegoma, kwahiyo kwa sasa Jimny ni ya mtu mmoja na kitanda chake, na mama watoto akitaka lifti anakaa kwenye chaga.